Kinini cha kifafa bila maelezo ni nusu ya dawa

BARAKA, FIZI – Mtu mwenye kifafa anapoacha dawa, majirani huwa na maelezo mawili tayari. La kwanza ni kwamba dawa zimekosekana kwenye kituo cha afya. La pili ni kwamba familia imechoka, imempeleka kwenye chumba cha maombi ao kwa mfumu. Maelezo yote mawili yana ukweli wake. Lakini iko sababu ya tatu ambayo haizungumzwi sana, na ndiyo inayoweza kuua: dawa ilianza kufanya kazi, ila ikaleta pamoja nayo mambo ambayo hakuna aliyeyategemea. Mtoto akaanza kulala darasani. Kijana akatoka vipele mwili mzima. Mama akabeba mimba akiwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Nyumbani wakasema, "Dawa hii ni sumu," wakaiweka pembeni. Siku chache baadaye mgonjwa akaanguka, akarudia kuanguka, bila kupata fahamu katikati.

Katika hali kama hiyo ni rahisi kulaumu familia kwamba haikufuata masharti. Lawama hiyo haina haki. Familia haikuambiwa masharti yenyewe. Ilipewa vinini katika karatasi ndogo, ikaambiwa "kimoja kila jioni", ikarudi nyumbani. Kinini kilitolewa, maelezo yakabaki kwa muganga.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu 80 kwa mia kati yao wako katika nchi za kipato kidogo na cha kati, kama Kongo. Shirika hilo hilo linasema hadi watu 70 kwa mia wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutunzwa vizuri. Maana yake ni kwamba kifafa si hukumu. Lakini tumaini hilo lote linategemea jambo moja: kinini kimezwe kila siku, kwa miaka. Na hakuna mtu atakayemeza kwa miaka kitu ambacho yeye na familia yake wanakiogopa.

Dawa zenyewe na tabia zake

Katika vituo vya afya vya vijijini, dawa ya kifafa inayojulikana zaidi ni fenobabitali. Wengine huiita Gardenal. Ni dawa ya zamani, inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo: Shirika la Afya Duniani linasema matunzo ya mtu mmoja kwa mwaka mzima yanaweza kugharimu dola 5 tu. Ndiyo maana inafika mahali ambapo dawa nyingine hazifiki. Tabia yake kubwa ni usingizi. Katika wiki za kwanza mtu anaweza kuwa mzito, kuchelewa kujibu, kusahau, kujisikia kama amelewa. Kwa wengi uzito huo hupungua mwili unapozoea. Kumeza kinini wakati wa kulala, si asubuhi, husaidia sana.

Kwa watoto, fenobabitali inaweza kufanya kinyume. Badala ya kusinzia, mtoto anakuwa na fujo: hatulii, analia ovyo, anapiga wenzake, hasikii mwalimu. Hapa ndipo mambo huharibika. Mwalimu anasema mtoto hana adabu. Jirani anasema pepo waliokuwa wanamwangusha sasa wamepanda kichwani. Wazazi wanachapa, ama wanamfunga. Kumbe ni dawa, na muganga anaweza kupunguza kipimo kidogo kidogo ao kubadilisha dawa.

Karbamazepini, ambayo wengine huijua kwa jina la Tegretol, hailetei watu wengi usingizi mzito kama fenobabitali. Lakini mtu akianza na kipimo kikubwa anapata kizunguzungu, anaona vitu viwili viwili, anayumba akitembea. Ndiyo maana huanzishwa na kipimo kidogo na kuongezwa polepole. Jambo la kuogopwa kwa karbamazepini ni vipele, hasa katika wiki za kwanza. Fenobabitali na fenitoini zinaweza kuvileta pia. Vipele vikija pamoja na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni ao ngozi kuvuka, hiyo si "surua ya kawaida" wala si joto la kambi. Ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, na vinini vyake vibebwe vionyeshwe. Muganga ndiye atakayeisimamisha dawa hiyo mara moja na kuchagua nyingine ya kumlinda asianguke.

Fenitoini inaweza kuvimbisha ufizi mpaka ufunike meno, na kuotesha nywele usoni. Kwa msichana wa miaka 16 hilo si jambo dogo, hata kama halimuui. Mtu wa fenitoini akianza kutembea kama mlevi, mara nyingi ni dalili kwamba kipimo kimezidi. Valproati, ambayo wengi huijua kwa jina la Depakine, inaweza kuongeza uzito, kutetemesha mikono na kupunguza nywele. Kwa watoto wadogo, kutapika sana na macho kuwa manjano ni dalili kwamba ini limeguswa, na hapo pia ni kwenda hospitali bila kungoja.

Orodha hii isitishe mtu. Si kila anayemeza dawa atapata haya. Wengi hupata kidogo ao hawapati kabisa. Lakini anayepata anapaswa kuwa amesikia jina la jambo hilo kabla halijafika mlangoni kwake.

Kuacha ghafla ni hatari kuliko dawa

Madhara mengi ya dawa za kifafa hutoka polepole na yanaweza kurekebishwa. Kuacha ghafla hakusubiri. Ubongo uliozoea kutulizwa na fenobabitali kila usiku, ukinyimwa kwa siku chache, unaweza kulipuka kwa kuanguka kubaya kuliko kule kwa mwanzo. Mtu anaanguka, anapigwa na mashituko zaidi ya dakika 5, ao anaanguka tena kabla hajaamka. Hali hiyo huua, na anayepona anaweza kubaki na kilema cha akili ao cha mwili.

Kwa hiyo amri moja ipite amri zote: dawa ikisumbua, mtu arudi kwa aliyempa, asiache mwenyewe. Ni vipele vibaya tu na macho ya manjano ndivyo vinavyodai kusimamishwa haraka, na hata hapo ni mikononi mwa muganga, si nyumbani. Hata mtu aliyekaa miaka 2 bila kuanguka, ambaye muganga anaona anaweza kujaribu kuishi bila dawa, hupunguziwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi 2 ao zaidi.

Kinyume chake nacho ni hatari. Mtu amekosa vinini siku tatu, siku ya nne anameza vinne "kulipia deni". Atalala usingizi wa hatari. Na akichanganya fenobabitali na lotoko ao kasiksi, usingizi huo unaweza kuzima pumzi.

Vita vinaongeza madhara yasiyotarajiwa

Katika Fizi jambo hili lina sura yake ya pekee. Familia zimeshuka kutoka nyanda za juu za Minembwe na Itombwe kwa miaka, zikakimbia tena ndani ya sekta za Lulenge, Ngandja, Mutambala na Tanganyika. Wengi wanaishi ndani ya familia zilizowapokea, shuleni na makanisani. Huko Lusenda na Mulongwe wako wakimbizi wa Burundi. Bukavu, ambako wagonjwa wa kifafa walizoea kutumwa katika kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo, iliingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025. Safari ambayo tayari ilikuwa ndefu ikawa ya hatari zaidi.

Mtu anayekimbia hubadilisha kituo cha afya, na kila kituo kina vinini vyake. Fenobabitali hutengenezwa kwa vipimo vingi, kuanzia miligramu 15 hadi 100. Mgonjwa aliyezoea kinini kimoja cha miligramu 50 anafika Baraka, anasema "mimi nameza kimoja", anapewa kimoja cha miligramu 100. Tangu usiku huo anameza mara mbili ya kipimo chake bila kujua. Anasinzia mchana, anaanguka akitembea, familia inasema ugonjwa umebadilika. Mwingine alikuwa anameza cha 100, anapewa cha 50, na kuanguka kunarudi. Rangi na ukubwa wa kinini havionyeshi kipimo. Kinachoonyesha ni maandishi.

Ndiyo maana fishi ya mgonjwa, ama hata kipande cha paketi chenye jina la dawa na idadi ya miligramu, kina thamani sawa na vinini vyenyewe. Familia inayoweka karata ya uchaguzi na mbegu ndani ya mfuko mmoja kwa ajili ya kukimbia, iweke na kipande hicho. Mwenye simu apige picha ya paketi. Na dawa zigawanywe sehemu mbili kati ya watu wazima wawili wa nyumba, kwa sababu watu hupotezana njiani.

Kuna pia dawa za dukani. Mtu ana maumivu ya mgongo baada ya kubeba mizigo ao kuchimba dhahabu Misisi, ananunua tramadoli. Mwingine ana tumbo, ananunua ciprofloxacin bila karatasi ya muganga. Dawa hizo mbili zinaweza kumfanya mwenye kifafa aanguke hata kama anameza vinini vyake vizuri. Muuza dawa haulizi, mnunuzi hasemi. Wote wawili wangepaswa.

Tena liko ziwa. Uvuvi wa ndagala ni kazi ya usiku, yenye taa na macho ya kukesha. Kukosa usingizi peke yake huleta kuanguka, na fenobabitali huongeza uzito wa mwili. Kijana aliyeanza dawa wiki hii asiingie kwenye mtumbwi wiki hii, asiendeshe pikipiki, na mama asipike peke yake kwenye mafiga. Si adhabu. Ni kungoja mpaka ijulikane mwili umepokeaje dawa.

Wanawake wanafichwa zaidi

Kama kuna kundi linalodaiwa maelezo kuliko wote, ni wanawake na wasichana. Fenobabitali, karbamazepini na fenitoini hufanya ini lichome haraka homoni za uzazi wa mpango. Vidonge vya kila siku na vijiti vya mkononi vinapoteza nguvu. Mama anaamini amejikinga, kumbe hapana. Mimba inapokuja, mume anauliza maswali mabaya, na ndoa inaingia matatani kwa jambo ambalo muuguzi angelieleza kwa dakika moja. Sindano ya kila miezi 3 na kitanzi ni njia ambazo haziathiriwi kwa kiasi hicho. Shida ni kwamba anayetoa kijiti na anayetoa dawa ya kifafa wako vyumba viwili tofauti, hata kama ni jengo moja, na mgonjwa hajui kwamba anapaswa kusema.

Valproati ni jambo zito zaidi. Ikimezwa wakati wa mimba, mtoto 1 kati ya 10 anaweza kuzaliwa na kilema cha mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 wanaweza kuchelewa kukua kiakili. Shirika la Afya Duniani limesema isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa. Lakini mwanamke ambaye tayari anaimeza na anagundua ana mimba asiitupe leo. Kuanguka mfululizo kunaweza kumwua yeye pamoja na mtoto. Aende haraka kwa muganga.

Wanaomeza dawa za virusi vya UKIMWI nao waseme. Dawa hizi za kifafa zinaweza kupunguza nguvu ya zile, na muganga anahitaji kujua pande zote mbili. Anayeficha moja kwa aibu anahatarisha zote.

Mfano wa ng'ambo ya ziwa

Fizi si mahali pa kwanza kupita njia hii. Ng'ambo ya Tanganyika, mbali ndani ya Tanzania, iko Mahenge katika milima ya Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alikuta huko wagonjwa wengi wa kifafa waliofichwa, wengine na makovu makubwa ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa, na dawa kubwa iliyotumika ilikuwa hiyo hiyo fenobabitali. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya kufuata wagonjwa 164 wa Mahenge kwa miaka 30. Miongoni mwa vifo vilivyohusiana na kifafa chenyewe kulikuwa na mashituko yasiyokatika, kuzama majini na kuungua moto.

Mtu wa Baraka akisoma orodha hiyo ya Mahenge anaona ziwa lake, mafiga yake na siku zake za kukosa dawa. Somo ni kwamba kinini cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi kijijini, lakini kinataka mtu wa kumfuata mgonjwa kwa miaka. Kuanza dawa ni siku moja, na kazi kubwa ni siku zinazofuata.

"Mkiwaambia mtawatisha"

Baadhi ya watu wa afya wana hoja ambayo inastahili kujibiwa. Wanasema: mgonjwa akisikia habari za usingizi, vipele na ini, hatameza hata cha kwanza. Afadhali anyamaziwe, aanze, mengine yatajulikana. Wanaongeza kwamba muuguzi mmoja mbele ya foleni ya malaria na kipindupindu hana saa ya kufundisha.

Hoja ya kwanza inadharau watu. Mama wa Fizi aliyevusha watoto watano kutoka milimani chini ya risasi anaweza kuvumilia kusikia kwamba mtoto wake atasinzia wiki tatu. Asichoweza kuvumilia ni kumwona mtoto amelegea bila kujua sababu. Ukimya hauondoi hofu, unaiachia nafasi ijazwe na mfumu, na mfumu hana haraka. Yeye ana saa nzima ya kueleza.

Hoja ya pili ina ukweli, lakini dakika mbili zinapatikana. Kinachohitajika ni sentensi chache, kwa Kiswahili, Kibembe ama Kinyamulenge, kulingana na anayesikiliza. Kwa mfano: "Mama, hiki kinini kitamletea mtoto usingizi ao fujo kwa wiki chache, ni dawa, si uchawi. Akitoka vipele na homa, umlete siku hiyo hiyo. Jambo lingine lolote likikusumbua, urudi utuambie, lakini usikiache ghafla hata siku moja." Baada ya hapo mama arudie kwa maneno yake mwenyewe, ili ijulikane amesikia.

Nani afanye nini

Wakuu wa maeneo ya afya ya Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge waweke sentensi hizo kwenye karatasi iliyobandikwa mahali dawa zinapotolewa, na waandike jina na miligramu kwenye kila fishi. Mgonjwa mpya aombwe arudi baada ya wiki mbili, si baada ya miezi mitatu, kwa sababu madhara mengi hujitokeza mwanzoni.

Mashirika yanayosaidia wakimbizi wa ndani yakiomba dawa, yaombe kipimo kimoja kinachofanana kwa eneo zima. Fenobabitali iko chini ya ulinzi wa mikataba ya kimataifa ya dawa za akili, kwa hiyo kuivusha mpakani kunataka karatasi na muda. Agizo lipelekwe mapema, kabla ghala halijawa tupu. Mwezi Mei 2022 mataifa katika Mkutano wa Afya Duniani yalikubali mpango wa kuongeza huduma za kifafa kwa nusu zaidi ifikapo 2031, yakilinganisha na 2021. Ahadi hiyo ipimwe kwa vinini vilivyoko Baraka, si kwa hotuba.

Wahamasishaji wa jamii, wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu vyandarua, waongeze swali moja: "Nani hapa anameza dawa ya kuanguka, na inamsumbuaje?" Wachungaji, mapadri na mashehe hawaombwi kuacha kuomba. Wanaombwa kusema mbele ya waumini kwamba maombi na kinini havigombani, na kwamba aliyeponywa na Mungu hatapoteza kitu akiendelea kumeza mpaka muganga amwambie. Walimu wamwulize mzazi kabla ya kumchapa mtoto anayesinzia. Na redio za Baraka na Fizi zitoe dakika chache kila wiki kwa jambo hili, si Siku ya Kifafa ya mwezi Februari peke yake.

Familia nazo zina kazi. Wiki za kwanza, mtu mmoja wa nyumba aandike kwenye daftari: siku mgonjwa aliyoanguka, siku aliyosinzia, siku aliyokosa kinini. Asiyejua kuandika achore mistari kwenye kibao. Daftari hilo likifika kwa muganga, linasema mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kukumbuka, na ndilo linalomwezesha kurekebisha kipimo badala ya kubahatisha.

Nchi hii imekosa mambo mengi, na dawa ni mojawapo. Lakini maneno hayapandi bei, hayavushwi mpakani, hayaporwi njiani kati ya Uvira na Baraka. Anayegawa vinini bila kuyasema anagawa nusu ya dawa, na nusu iliyobaki ndiyo inayomfanya mgonjwa ameze cha kesho.